Kihenge, mtungi, kibuyu au pipa la bati: nafaka ikae wapi kifuku kikifika?

Mwezi wa sita, hapa Dodoma, chombo chochote ni kizuri. Mahindi yametoka shambani, uwele umepurwa, na upepo unakausha hata suruali ya jinzi kabla ya adhuhuri. Ukijaza gunia ukaliegemeza ukutani halitakuudhi. Balaa linaanza kifuku, yaani mvua zikishuka, mwishoni mwa Novemba au Desemba, na zikishaanza tunakwenda nazo hadi Aprili. Wakati huo ndipo nafaka iliyobaki, ile ile ya kutuvusha Januari hadi Machi shamba likiwa bado majani matupu, inapoanza kunuka uvundo, kuota ukungu au kugeuka vumbi la dumuzi. Na mara nyingi mbegu ya kupanda nayo imo humo humo.

Kwa hiyo anayeniuliza ahifadhi kwenye nini, namwambia chombo akipime kwa Januari. Hapa nimelinganisha vinne vinavyotengenezwa kwa mikono na mafundi wa kwetu: kihenge cha fito kilichokandikwa udongo, mtungi wa kuchoma, kibuyu, na pipa la bati linalokunjwa na fundi bati. Gunia nimeliacha makusudi, maana kila nyumba inalijua na inajua tabia zake. Mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS, inatoka kiwandani. Nitaitaja panapobidi tu.

Nimevipima vyote kwa mambo matano: vinavyoukabili unyevu, vinavyozuia wadudu na panya, urahisi wa kuchota kila siku, ujazo, na habari ya fundi, gharama na matengenezo. Hayo matano hayana uzito sawa. Kifuku unyevu ndio hakimu mkuu, kwa hiyo hapo nitakaa sana.

Kwanza nafaka yenyewe

Hakuna chombo kati ya hivi vinne kinachoweza kuponya nafaka iliyoingia mbichi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Mashine ya kupimia wachache wanayo, lakini chumvi haikosekani jikoni. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi ifike kama theluthi, ongeza kijiko cha chumvi laini uliyoikausha kwenye kikaango ikapoa, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikishuka yote chini, ujue unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hiyo inatosha kwa chombo kinachopitisha hewa. Kwa chombo cha kuzibwa, anika siku mbili tatu zaidi, juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu. Wazee wanatumia jino: punje kavu hupasuka kwa mlio, yenye maji hubonyea kwanza.

Sisemi haya kwa kujaza maneno. Mwaka 2016 watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa na Kiteto zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa, na karibu 20 walifariki. Sumu hiyo hutolewa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, wakati mwingine tangu shambani, na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye vumbi la kijani zichambuliwe kwenye ungo kabla ya kuingia popote, na kuku wasipewe, kwa sababu nao zinawadhuru.

Unyevu

Kihenge kinapumua. Ukuta wa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo unapitisha hewa polepole, na ndiyo maana nafaka iliyoingia Juni ikiwa na unyevu kidogo inaendelea kukauka humo ndani hadi Oktoba bila wewe kufanya kitu. Hiyo ni huruma ambayo chombo cha bati hakina. Lakini ukuta unaotoa unyevu kiangazi ndio unaoupokea kifuku. Mvua ikinyesha siku nne mfululizo, na miaka kama ule msimu wa El Niño wa 2023/24 ilinyesha zaidi ya hapo, tabaka la nafaka linalogusa ukuta linakuwa la kwanza kuhisi. Ukiingiza mkono pembeni ukakuta punje za ubaridi zinazoshikana vidoleni, na katikati punje zinateleza kama kawaida, huo ndio mwanzo wake. Hapo usisubiri. Siku jua likichomoza toa kilichoko pembeni, anika, kisha anza kula hicho.

Adui mkubwa zaidi wa kihenge, hata hivyo, ni maji yenyewe yanayokipiga. Mvua ya Dodoma si ya manyunyu. Inakuja na upepo, inapiga ubavuni, na matone yanadunda chini na kurusha tope juu. Kihenge cha nje kinaokolewa na mambo mawili. La kwanza ni paa la nyasi linaloning'inia kupita ukuta kwa urefu wa mkono, si shubiri. La pili ni miguu ya kama mita moja, ili tope lisifike kitakoni. Kandiko lililopigwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe linashika vizuri kuliko udongo wa kawaida, lakini hata hilo likipigwa na mvua misimu miwili bila kukandikwa upya linaanza kumeguka, na fito zikishaonekana umechelewa.

Ukikiweka kihenge ndani ya nyumba unaepuka mvua ya ubavuni. Kwenye tembe lakini kuna jambo lake: paa la udongo likichoka linavuja pale usipotarajia, na kihenge hakihamishiki kikijaa. Angalia alama za maji kwenye boriti za dari kabla ya kuchagua kona. Nimeona watu wanaangalia sakafu tu.

Mtungi nao una vinyweleo. Mtungi wa maji hupoza maji kwa sababu yanapenya taratibu na kukauka kwa nje. Njia hiyo hiyo unyevu unaweza kuifuata kuingia. Tofauti ni kwamba ukuta wa mtungi ni mnene, umechomwa, na ukiwa umesuguliwa kwa kokoto laini kabla ya kuingia motoni vinyweleo vyake vimebana. Hewa ya kifuku peke yake haiusumbui sana. Sakafu ndiyo inayousumbua. Mtungi uliokalishwa moja kwa moja juu ya sakafu ya udongo unanyonya maji kutoka chini, na unaweza usijue mpaka ufike nusu ukute tabaka la chini limeota. Ukalishe juu ya mawe matatu au kipande cha mbao, hewa ipite chini yake.

Kibuyu ndicho kinachoshangaza wengi. Gamba lake linabeba maziwa na maji, kwa hiyo unyevu wa hewani haulipiti kirahisi. Mlango pekee ni mdomoni. Gunzi la mahindi lililochongwa kuwa kizibo linapitisha hewa kidogo, na kwa mbegu za miezi mingi inafaa kulizungushia nta au udongo laini. Halafu kinaning'inizwa juu ya meko, ambako joto na moshi vinafanya kazi usiku na mchana. Kibuyu kitupu ndicho chenye matata: kikiachwa kifuku kizima kwenye kona yenye ubaridi, kinaota ukungu ndani, na huwezi kuuona. Kinuse. Kikinuka, kisugue kwa mchanga mkavu na maji ya moto, kianike juani mpaka ukikigonga kilie kikavu, kifukize, ndipo kitumike.

Pipa la bati, likikunjwa vizuri na kulehemiwa, halipitishi tone. Mvua, tope na hewa ya kifuku vyote vinabaki nje. Hapo linavishinda vyombo vyote vitatu kwa mbali. Ila lina sheria moja ngumu: kilichoingia ndicho kitakachobaki. Ukitia mahindi yenye unyevu, umeufungia unyevu pamoja nayo, na bati halina pa kuutolea. Jingine ni jasho. Pipa likikaa karibu na dirisha linalopigwa na jua, au likigusa ukuta wa nje, mchana nafaka iliyo upande ule inapata joto na kutoa mvuke, usiku bati linapoa na mvuke ule unageuka matone chini ya mfuniko. Baada ya wiki kadhaa unafunua unakuta juu pameshikana kama keki, na punje nyingine zimeota. Watu husema pipa limevuja, kumbe halijavuja hata kidogo. Liweke kivulini, ndani, juu ya mbao, mbali na ukuta kwa shubiri mbili.

Wadudu na panya

Tukimtaja mdudu wa nafaka Dodoma tunamtaja dumuzi, yule ambaye wakulima walimbandika jina la Skania kama lile lori. Aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na tangu hapo hakuna mkoa wa mahindi aliouacha. Ana tabia moja inayohusu ulinganisho huu moja kwa moja: anatoboa mbao. Fito za kihenge kwake ni nyumba ya kulala. Ukimaliza mahindi ya mwaka huu, ukajaza ya mwaka ujao bila kufagia, kufukiza na kukandika upya ndani, umewakaribisha wenyeji kwenye chakula. Kwa mahindi, basi, kihenge kinahitaji dawa ya unga iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au kinahitaji wewe ule haraka.

Mtama na uwele ni habari nyingine. Dumuzi anapenda mahindi na makopa ya muhogo. Punje ndogo hazimfai sana. Ndiyo sababu kihenge kilitumika vizuri vizazi vyote vile ambapo Ugogo ulikuwa nchi ya uwele na mtama, na kinaonekana kimepungukiwa sasa ambapo wengi wamehamia mahindi. Chombo hakijabadilika, kilichobadilika ni kinachowekwa ndani. Mwenye uwele wake leo, hasa ukihifadhiwa kwenye masuke bila kupurwa, kihenge bado kinamfaa kuliko anavyoambiwa.

Mtungi ukijazwa hadi shingoni, ukafunikwa kigae au bamba la mbao na kuzibwa kwa udongo wenye samadi, wadudu wanapata shida kuingia. Waliokwisha kuingia na nafaka hawapati shida hiyo, kwa hiyo majivu yanahitajika. Majivu yaliyochekechwa yanajaza nafasi kati ya punje, mdudu anakosa njia ya kutembea na kuzaliana. Kwa kunde, choroko na njugu mawe hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote za bure, na ndani ya mtungi au kibuyu inafanya kazi vizuri kwa sababu chombo ni kidogo na hakitikiswi. Kwenye kihenge cha magunia manane majivu yangehitajika mengi mno.

Pipa la bati linaua wadudu kwa kuwanyima pumzi. Wanamaliza hewa iliyomo wanakufa, bila dawa yoyote. Lakini hili linatokea pipa likiwa limejaa. Likiwa nusu, hewa iliyobaki juu inawatosha muda mrefu. Mafundi wengine hufundisha kuwasha mshumaa mfupi juu ya nafaka, kwenye kisahani, kisha kufunga mfuniko ili moto ule hewa mpaka uzimike wenyewe. Mfuniko nao unazungushiwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukavutwa na kufungwa. Ukanda huo ni wa bei ya kutupa, na ndio unaotofautisha pipa la nafaka na pipa la kawaida.

Panya hapigi hodi. Kihenge bila vibati vya kukinga panya kwenye kila mguu ni mradi wa panya. Vibati hivyo hukunjwa mfano wa mwavuli uliofunguliwa, mdomo mpana ukitazama chini, vifungwe juu ya mguu karibu na kitako cha kihenge, na kusiwe na mti, ngazi au ukuta wa karibu wa kurukia. Mtungi hautafunwi, ila kifuniko cha mbao hutafunwa. Kibuyu hutafunwa kikiwa chini. Kikining'inia kwa kamba nyembamba katikati ya boriti, panya anakitazama tu. Bati halina mazungumzo.

Kuchota kila siku

Hapa kihenge kinapumzika kwa raha. Kina mlango mdogo ubavuni chini, unachota debe la kwenda mashineni, unarudisha kizibo. Kwa kuwa hakikuwa kimefungwa kwa hewa, hujaharibu kitu.

Pipa la bati lina mdomo wa chini wa kutolea pia, lakini kila ukiufungua hewa inaingia na wadudu waliobaki wanapumua upya. Anayefungua pipa kila baada ya siku mbili amenunua bati la gharama analolitumia kama ndoo. Njia ya kawaida ni kuwa na viwili: pipa la akiba linalofunguliwa mara moja kwa mwezi, na debe au mtungi wa jikoni unaojazwa kwa matumizi ya mwezi huo. Nadhani hapa ndipo mzozo mwingi wa "kipi bora" unapotokea bure, kwa sababu watu wanataka chombo kimoja kifanye kazi mbili zinazogombana.

Mtungi unachotwa kwa kata, polepole, na mkono wenye maji usiingie. Kibuyu kinamiminwa, kwa mbegu hakina shida kwa kuwa kinafunguliwa siku ya kupanda tu.

Unga usiwekwe kwenye chochote kati ya hivi kwa muda mrefu. Unga wa uwele hasa unachacha haraka kwa sababu ya mafuta yake. Saga kidogo kidogo.

Ujazo

Hesabu inayotumika mitaani ni gunia moja la kilo 100 kwa mtu mzima kwa mwaka. Familia ya watu sita yenye watoto inahitaji basi magunia manne hadi matano, na kufikia Januari karibu nusu yake inapaswa kuwa bado ipo. Kihenge kinajengwa kwa ukubwa unaoutaka, kuanzia magunia matatu hadi kumi na zaidi. Pipa la lita 200 linachukua karibu kilo 150 za mahindi yaliyopukuchuliwa. Kwa familia hiyo ni mapipa matatu, au fundi akukunjie kihenge cha bati kimoja cha nusu tani, ambacho kitahitaji mlango mpana wa kukiingizia nyumbani. Pima mlango kabla ya kuagiza.

Mtungi mkubwa unabeba debe moja hadi mawili. Kibuyu kikubwa ni kilo chache, na hizo zinatosha: mbegu ya mahindi kwa ekari ni kilo 8 hadi 10, ya mtama na uwele ni chini ya nusu ya hapo.

Fundi, gharama na matengenezo

Kihenge gharama yake ni nguvu kazi. Fito, kamba za magome, udongo na samadi havinunuliwi vijijini, ingawa fito nzuri zinazidi kwenda mbali kila mwaka na kukata miti hovyo kuna sheria zake. Uliza serikali ya kijiji. Kinajengwa kati ya Juni na Septemba ili kikauke kabisa. Anayekandika kihenge Novemba, mawingu yakiwa tayari yanazunguka juu ya vilima vya Mpwapwa, anaweka nafaka kwenye ukuta wenye maji. Matengenezo ni ya kila mwaka: kukandika, kuezeka palipotoboka, kumwaga majivu kwenye miguu kwa ajili ya mchwa. Vijana wanaojua kusuka kihenge cha mviringo kisichoegama wanapungua, na hili ni tatizo la kweli kuliko gharama.

Mtungi ni wa bei nafuu na akina mama wafinyanzi wapo bado. Usinunue kwa kuutazama tu. Ushike shingoni, uinue kidogo kutoka ardhini, ugonge tumboni kwa kifundo cha kidole. Ukilia kwa sauti ndefu, umeiva na hauna ufa. Ukitoa sauti fupi iliyokufa, kuna ufa usiouona au moto haukufika, rudisha. Muuzaji mzuri hakasiriki, yeye ndiye atakayekuinulia. Mtungi ukianguka lakini umekwisha, na nyumba yenye watoto wadogo wanaokimbia inajijua.

Kibuyu unaweza kukiotesha uani. Kikipasuka kinashonwa kwa uzi na kuzibwa nta, na kinaendelea kutumika miaka kwa nafaka hata kama hakifai tena kwa maziwa.

Pipa la bati ndilo la fedha nyingi kwa mkupuo, na bei inafuata bei ya bati la kupakwa zinki, inayopanda na kushuka. Ukilitunza linadumu miaka mingi sana, hivyo kwa mwaka halipishani mno na vingine. Kabla ya kulipa, likague hivi: ingiza kichwa na mabega ndani, mtu akufunike khanga nzito au blanketi mdomoni, kisha tazama mikunjo yote na kitako. Popote utakapoona nukta ya mwanga, hata ndogo kuliko ncha ya sindano, fundi arudie kulehemu. Na usikubali pipa lililowahi kubeba dawa za mashamba, rangi au kemikali, hata likioshwa mara ngapi. Pipa la mafuta ya kula lililosafishwa na kukaushwa halina neno.

Achukue kipi nani?

Unayelima uwele na mtama kijijini, Bahi au Chamwino, una eneo, una ng'ombe wa samadi na kijana anayejua kusuka: kihenge hakijapitwa na wakati kwako. Tia nguvu kwenye paa na vibati vya panya kuliko kwenye kitu kingine. Ukiwa na mahindi kidogo pembeni, hayo yatenge, yaende kwenye bati au mifuko ya tabaka tatu.

Unayelima mahindi mengi, tuseme upande wa Kongwa, ambako majirani wengi wanakimbiza yote sokoni Kibaigwa mwezi wa saba kwa bei ya chini kwa kumhofia dumuzi: bati linakupa uhuru wa kusubiri Januari. Hapo gharama inarudi. Lakini kama huna muda wala turubai za kukausha hadi chumvi isinate, bati litakuumiza. Bora kihenge na dawa hadi utakapojipanga.

Kondoa milimani na Mpwapwa juu, ambako mvua ni nyingi kuliko bondeni na ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka, mimi ningeogopa kihenge cha nje kwa nafaka ya baada ya Desemba. Tumia kihenge kwa kukaushia hadi Oktoba, kisha hamishia kilichobaki kwenye chombo cha kufungwa siku yenye jua kali, nafaka ikishapoa. Ukihamisha ikiwa na joto la juani, jasho litakukuta.

Bibi au mama anayeishi peke yake, anayekula gunia moja kwa mwaka, hahitaji bati la nusu tani. Mitungi mitatu ya madebe mawili mawili juu ya mawe, majivu, vifuniko vilivyozibwa kwa udongo: anafungua mmoja mpaka uishe ndipo aende wa pili. Ujanja wa mtungi ni huo hasa, kwamba unapofungua mmoja miwili mingine inabaki imefungwa. Pipa kubwa haliwezi kukupa hilo.

Mwenye mbegu za asili anazozirithisha, mtama wa nyumbani, njugu mawe, kunde za bibi, maboga, atumie kibuyu juu ya meko, kila aina na chake, na alama ya kukwaruza kwa kisu ili zisichanganyike. Asiye na meko ya kuni, anayepikia gesi au mkaa nje, anakosa moshi huo. Yeye aweke mbegu na majivu kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa kukaza.

Na uliyepanga chumba Dodoma mjini, Chang'ombe au Ipagala, unayenunua debe moja Majengo kila mwezi? Hivi vyote vinne ni vikubwa kwako isipokuwa mtungi mmoja mdogo au debe la bati lenye mfuniko. Nunua mahindi kidogo, uyang'ate mbele ya muuzaji kabla ya kupimiwa, na chombo kisikae kwenye kona inayopakana na bafu.